Mapacha wa Kambi Nyasi

Kambi Nyasi, Nakuru
3 Februari 2025

Kwa Wachuka,

Salamu nyingi. Watoto wako aje? Kile kikohozi kimeisha? Na wewe mgongo? Sally ameniambia unasimama masaa tisa ukipanga maua ya kwenda Ulaya. Mimi ni mzima, ukiondoa magoti na masikio. Masikio usiulize. Nilifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita, nikatoka na saa ya ukutani na kelele ya mashine ndani ya kichwa. Kwa hivyo simu usinipigie. Nitakujibu "ndio, ndio" hata ukiniambia nyumba inaungua. Tuandikiane. Sally akileta viazi vyake kutoka Olenguruone hupita hapa Ijumaa, na Jumamosi yuko kwenu Karagita. Atabeba.

Sasa nikuambie ukweli. Sikujui, na wewe hunijui. Jerry wangu alikuwa mtu wa "Mama, nitamleta Krismasi." Krismasi zikapita tatu, halafu Julai ikaja ile ajali ya pikipiki. Nilimzika mwanangu na mke wake hakuonekana. Hayo tutaongea tukiwa tumekaa chini, si kwa karatasi. Lakini ulizaa mapacha Septemba, wasichana, na mpaka leo nimewaona kwa simu ya Sally tu, wadogo kama stempu. Unataka nife sijawashika?

Waleteni nyumbani, wewe na Sally.

Utauliza nyumbani ni wapi. Watu hawaamini kuna kijiji katikati ya jiji la Nakuru. Ukishuka stendi, fuata reli mpaka uone gorofa mbili ndefu, moja ya kijani na moja rangi ya maziwa. Ukiuliza vijana watasema hawajui, uliza mama mboga. Katikati ya hizo gorofa kuna kichochoro, utadhani ni cha kutupa takataka. Ingia tu. Ukitokea upande wa pili utaona ua wa minyaa, na ndani nyumba nane za udongo na nyasi, maghala, ng'ombe wawili na makaburi yetu. Wazee waliokuja kufanya kazi ya reli walinunua hapo wakati palikuwa na swara tu, wakajenga vile walivyoacha kwao Ugenya. Jiji likaja likatukuta. Asubuhi watu wa gorofa hutuangalia tukikamua, na sisi huangalia nguo zao za ndani kwa kamba. Tumezoeana.

Jambo moja: mapacha hawaingii kwetu kimya kimya. Tutakupokea vile inavyostahili. Kuja na nguvu zako zote.

Mama yake Jerry,
Akoth


Karagita
16 Februari 2025

Mama,

Habari ya huko? Magoti yanaendeleaje na hii baridi ya asubuhi? Sisi tuko salama. Kikohozi kiliisha, sasa ni meno. Nisamehe kwa kuchelewa. Ilikuwa Valentine. Wazungu wanapendana, sisi tunavimba miguu. Siku nne sikuona watoto wakiwa macho.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kuhusu mazishi, si nilituma ujumbe, Mama? Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Niliposikia habari ya Jerry nilianguka, damu ikaanza kutoka, nikalazwa Naivasha. Daktari alisema nikisimama nitapoteza watoto. Wiki tatu nilikuwa nimelala chali nikiangalia dari. Baba yangu, Mzee Muiruri wa Longonot, alikuja kwenu kuwaeleza. Alirudi akasema amewaambia na mmekasirika. Nikajua ndiyo basi.

Baba hataki nije. Unajua tulikuwa tunakaa Olenguruone mpaka ile fujo ya baada ya uchaguzi. Nilikuwa na miaka minane. Mamangu alikuwa anapika chai, watu wakasimama mlangoni wakamwambia, "Rudi kwenu." Na yeye alizaliwa hapo hapo. Alikufa bila kurudi hata kuchukua sufuria. Kwa hivyo Baba, mtu akiwa si wa kabila letu, huwa anaona hiyo siku tu. Nilipoolewa na Jerry hakuniongelesha mwaka mzima.

Lakini nitakuja, Jumamosi tarehe moja Machi. Sally ananisindikiza. Mtoto wa kwanza nimemwita Akoth, jina lako, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza ni wa mama wa bwana. Wa pili ni Njoki, mamangu.

Sitaki kitu chochote, Mama. Nataka kujua jambo moja tu. Hawa watoto wana kwao, ama hawana? Mkisema ni wenu, nitapumua. Mkisema si wenu, pia niambieni, nijipange.

Wako,
Wachuka, mama ya Akoth na Njoki


Karagita
3 Machi 2025

Kwa Mama Akoth,

Leo sina salamu.

Nilivaa nguo yangu ya kanisa. Nilisuka nywele. Nilinunua sukari na majani ya chai na leso mbili, moja yako. Tulipotoka kwa kile kichochoro na Sally nikaona hizo nyumba za nyasi, na moshi, na kuku wakitembea kama hawajui kuna jiji, nilisimama. Nilisema, kumbe Jerry hakuwa ananidanganya. Nilifurahi, Mama. Hata nilianza kulia kidogo.

Halafu mkatoka. Wanawake kumi hivi, mmejipaka majivu usoni, mmeshika matawi, na wewe mbele na sufuria kichwani. Nikakuinulia Akoth umwone. Ukanielekezea kijiti na ukaanza kupiga kelele, tena kwa Kiswahili, ndiyo nisikie vizuri.

"Umezaa wawili kwa mpigo kama paka! Huna haya!"

"Angalia miguu, kama ya meza!"

"Hao watoto wabaya umeokota wapi? Wana sura ya viazi!"

Watoto wangu. Miezi mitano. Wamekukosea nini? Na mwingine, yule mnene wa kitambaa cha njano, akapasua sauti: "Rudi kwenu!"

Hapo kitu kilikatika ndani yangu. Sijawahi kutukana mtu mzima maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilisema kila kitu. Nilisema nyinyi ni wachawi wazee, midomo inanuka omena ya juzi, hata nzi wa Nakuru wanawahama. Na mkafanya nini? Mkapiga vigelegele! Mkashangilia! Yule wa kitambaa cha njano akagaagaa chini kwa kicheko. Watu wa gorofa walitoa simu wakarekodi.

Sally mwenyewe alikauka. Alibeba Njoki, mimi nikabeba Akoth, tukakimbia. Sukari ilibaki hapo kwa geti, mnywe chai.

Nilikuuliza jambo moja na ukanijibu mbele ya jiji zima. Baba alikuwa sawa. Usiniandikie tena. Ukituma barua sitafungua.

Wachuka wa Muiruri


Kambi Nyasi
12 Machi 2025

Wachuka, Wachuka, Wachuka,

Salamu baadaye. Kwanza keti chini.

Mungu wangu, ni nini hii nimefanya? Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwa zizi, na ng'ombe akamwaga maziwa yote, na sikujali. Mwanangu, hayo hayakuwa matusi. Yalikuwa matusi, ndiyo, lakini si hayo unayofikiria! Wacha nieleze polepole.

Kwetu mapacha ni kitu kikubwa na kizito. Watu huogopa kufurahi wazi, kwa sababu furaha nyingi hivyo inaweza kuwatia watoto jicho. Kwa hivyo wakiletwa nyumbani mara ya kwanza, lazima watukanwe, na mama yao atukanwe, na nyanya yao pia. Hakuna anayekasirika. Ubaya wowote unaopita ukisikia, unasema, hawa ni takataka, unaenda zake. Mapacha wakiingia bomani bila kutukanwa, hatulali, tunaogopa watatutoka. Na mama yao anatakiwa kujibu! Akinyamaza, watu hunong'ona kwamba nguvu hana. Akijibu vizuri, vigelegele.

Na wewe ulijibu! Haki ya Mungu, hiyo ya omena! Tangu nizaliwe sijasikia mama wa mapacha akijibu hivyo. Immaculate, yule wa kitambaa cha njano, ameirudia kwa kila jirani, mpaka kwa mchungaji. Tukasema, huyu Jerry aliona mbali, ametuletea simba. Mimi nilikuwa najivuna, mjinga mimi, kumbe wewe unakimbia unalia. Masikio haya hayakusikia kilio chako. Tulidhani umerudi nyuma kubadilisha watoto nepi. Tulikungoja na kuku watatu wamepikwa. Kufika saa kumi nikasema labda amepotea kichochoroni, tukatafuta mpaka stendi.

Kosa ni langu. Nilidhani unajua. Nilijiambia, Jerry atakuwa amemweleza. Nilisahau Jerry hayuko.

Hiyo ya "rudi kwenu" ni Immaculate, na hata mimi sikuisikia mpaka niliposoma. Nilimwonyesha barua yako. Amelia siku mbili. Mwaka ule wa fujo bwana yake aliambiwa hayo hayo maneno, hapa hapa Nakuru, akapanda lori akaenda na hakurudi. Ulimi ulimponyoka katika kelele. Anasema akikuona atapiga magoti, na akipiga magoti hainuki, tutahitaji wanaume wanne.

Na sikia hili vizuri: baba yako hakufika hapa. Hakuna mtu aliyetuambia uko hospitali. Simlaumu, sijui kilichomzuia. Lakini hatukukasirika na ujumbe wake, kwa sababu hatukuupata.

Jina nalo lilinishtua. Sisi hatuiti mtoto jina la mtu aliye hai, nikadhani mmeniona maiti. Halafu nikalizoea. Juzi nilijikuta nikiliita peke yangu jikoni.

Umeniuliza kama watoto wana kwao. Wachuka, ungekuwa hapa ningekupiga na mwiko kwa hilo swali. Rudisha watoto wangu nyumbani.

Mama yako,
Akoth


Karagita, nje ya mlango wako
Jumapili, 23 Machi 2025, saa nne asubuhi

Wachuka,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Nimepanda magari mawili na kiuno kimebaki Gilgil.

Sally alinirudishia barua yangu vile ilivyoenda, imefungwa. Akaniambia ulisema hutaki kuiona. Nikamwambia, sawa, basi nitaipeleka mwenyewe. Umeniona kwa dirisha ukafunga pazia, na mimi nimekuona, macho bado yanafanya kazi. Naipitisha hapa chini ya mlango pamoja na hii. Isome yote, hata pale inapokuudhi.

Jirani yako amenipa kiti na maji. Nimevua viatu. Siendi mahali. Ukinifukuza kwa mdomo sitasikia, kwa hivyo ukitaka kunifukuza itabidi uandike.

Kama umesoma na bado unataka niende, nitaenda, na sitakusumbua tena. Lakini kama umenielewa, unajua mapacha wanadai nini. Siku ile nilikutukana, na wewe ukajibu kwa hasira ya kweli, na hiyo haihesabiwi. Sasa ni zamu yangu. Nitukane vizuri, kutoka moyoni, na bila kukasirika.

Mama


Ndani ya nyumba
saa tano kasoro robo

Wewe mzee kichwa ngumu,

Habari ya jua? Naona linakuchoma vizuri.

Nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikacheka mpaka Akoth akaamka. Ni nani alikuambia uvae kiatu cha kahawia na kingine cheusi uje navyo mbele ya ploti nzima? Na hiyo pua! Nilikuwa nashangaa Njoki ametoa wapi pua ya kikombe, maskini, kumbe mwizi ni wewe. Nyanya gani anabandika sufuria kichwani badala ya jikoni? Ndiyo sababu kuku walipoa! Unajiita mama, na hujui hata kubisha mlango kama watu, unasukuma karatasi kama mtu wa bili ya maji. Mzee mbaya. Mzee mbaya kabisa.

Mlango nimefungua. Ingia ndani. Uji umeiva, na watoto wako wote wawili wameamka.

Mke wa Jerry


Karagita
22 Aprili 2025

Mama yangu,

Umeamkaje? Magoti yamepona na ile ngoma? Immaculate kiuno chake? Sisi tulifika salama Jumatatu jioni. Watoto wamelala njia yote. Baba tulimwacha kwenye gari la Longonot akiwa bado anacheka peke yake, kondakta akamwangalia vibaya.

Niliporudi kazini leo, supavaiza aliniuliza, "Wewe umepata nini? Umebadilika." Nikamwambia nilitukanwa Pasaka yote. Hakuelewa. Nimekuwa nikipanga maua na kucheka chini chini. Mwili wangu umelegea, Mama, kama mtu aliyetua mtungi.

Nilikuwa naogopa sana kumleta Baba. Alikubali kwa sababu nilimsomea barua yako, ile ndefu, na tulipofika mahali pa "baba yako hakufika hapa," akasimama. Akatoka nje. Akakaa na mbuzi wake mpaka chakula kikapoa. Hakuniambia kitu mpaka siku ile kwenu, ulipomuuliza na akaandika kwa ile karatasi yako. Najua umeisoma, lakini mimi nilisimama nyuma yake nikasoma pia. Kwamba Julai alifika. Kwamba alivuka kichochoro mpaka kwa ua wa minyaa, akasikia watu wakilia kwa lugha asiyoijua, akaona vijana wamesimama kwa geti, miguu ikakataa. Mara akaona ni Olenguruone tena. Akageuka. Na alipofika hospitali aliona aibu kuniambia, akasema mmekasirika. Baba yangu, mzee wa kanisa, alidanganya mtoto wake akiwa kitandani. Nilitaka kukasirika. Nitakasirika baadaye, nikipata nafasi.

Na wewe ukafanya nini? Ukasoma, ukakunja karatasi, ukamwangalia, na ukamwambia kwa sauti ya watu wote, mpaka gorofa ya sita, "Mzee mwoga! Mbuzi wako wana akili kukuliko! Hata kofia imekukataa!" Nilidhani atakufa. Aki Mama, niliona akivuta pumzi, nikafunga macho. Halafu akakujibu! Baba, ambaye husali kabla ya kunywa maji! Alikuambia una miguu ya kuku wa deni na nyumba yako ina nywele kukuliko. Na mkashikana mikono mkicheka, na Immaculate akapiga vigelegele, akamshika kiuno akamchezesha. Sijawahi kuona Baba akicheza tangu Mama afariki. Watu wa gorofa walipiga makofi. Mmoja alitupa peremende.

Nilikula mpaka nikaona aibu. Nilisahau hata kuhesabu ni nani amebeba watoto. Walikuwa wanapitishwa mkono hadi mkono, nikawa nasikia tu mtu akisema, "Akoth mbaya huyu," "Njoki takataka hii," kwa sauti nzuri kabisa, na mimi nimekaa kwa kiti cha Jerry, mbele ya nyumba yake, sifanyi chochote. Tangu Septemba sikuwa nimekaa bila kufanya chochote.

Sasa nakuja kwa kile kilichonifanya nichukue kalamu.

Jumapili baada ya kanisa ulinishika mkono ukanipeleka kwa kaburi lake. Nilidhani tutaomba. Ukaenda kwa ghala ukatoka na beseni kuukuu, limefunikwa gunia na kufungwa kamba. Ukafungua. Udongo mwekundu, mkavu, umekaa hapo tangu Julai. Hukuandika chochote, uliongea tu, polepole. Ulisema siku ya mazishi wazee walitaka kujaza kaburi, na ukawazuia, ukawaambia, mke wake bado hajatupa udongo wake. Wakakuambia mke hakuja, hawezi kungojwa. Ukachukua beseni la kuoshea vyombo, ukalijaza, ukaenda nalo nyumbani.

Miezi tisa, Mama. Hukuwa unajua niko hospitali. Ulikuwa unajua tu kwamba sikuja. Uliniwekea na bado umeudhika.

Nilitupa. Nilimwambia Jerry yale nilikuwa nayo. Halafu ukanizuia mkono kabla beseni halijaisha, ukaleta wasichana mmoja mmoja, ukawawekea kidogo viganjani. Njoki alitupa wake mara moja. Akoth aliushikilia ngumi, akakataa kuachilia, ukamfungua vidole kimoja kimoja huku ukimtukana taratibu.

Wewe ulikuwa umeinama na mimi niko nyuma yako, na hapo ndipo niliongea. Hukugeuka. Niliona hufai kukatizwa, nikakuacha. Kwa hivyo nimeandika hii barua yote ndiyo nikuambie kile nilisema.

Nilisema asante kwa kuningoja.

Mtoto wako,
Wachuka